Namba Kumi na Saba

Daktari Likwata kaniagiza nimpigie chapa orodha ya machapisho yake,
wanaitaka chuoni kabla ya Ijumaa
wampime nayo, kama korosho mnadani:
daraja la kwanza, daraja la pili.

Thelathini na moja. Nimehesabu mara mbili.
Jina lake linatangulia katika tisa,
linafunga katika nne (kufunga nako ni heshima, aliniambia,
kama mwenyeji anayenawa baada ya wageni),
kwingineko limebanwa katikati,
huku mtu wa Bergen, huku mtu wa Hyderabad,
ambao hawajauona ukungu wa Newala
unavyopanda kutoka bonde la Ruvuma alfajiri
ukaingia maabara bila hodi, ukalowesha vioo.

Ya nne wamekosea: Likwala.
Nilitaka kusahihisha. Akasema, acha,
ndivyo ilivyochapwa, atakayeitafuta ataitafuta hivyo.

Ya tisa: wagonjwa mia mbili na kumi na wawili,
saratani ya shingo ya kizazi,
waliopotea katika ufuatiliaji, kumi na wanne.
Hapo vidole vilisimama.
Kupotea wapi?
Binti Nampoto yuko Mkunya, anabangua korosho;
nauli ya kuja ilikuwa bei ya debe la mahindi.
Mama Chitanda alivuka mto kwa dada zake, Msumbiji.
Wawili nimetupia udongo kwa mkono huu.
Daktari alikaa msimu mzima nyuma ya pikipiki ya Nang'itu
akawapata kumi na mmoja,
wengine kwenye baraza, wengine chini ya majani.
Hiyo ndiyo ya kumi na mbili. Kurasa sita.
Nang'itu hayumo. Pancha za Chiwonga hazimo.
Wamefichwa katika "na wenzake",
neno dogo lenye mfuko mkubwa.

Sasa ya kumi na saba.
Kando yake, kwa wino mwekundu: imeondolewa.

Siku ile walikuja Somoe wawili,
Somoe Hamisi wa Kitangari, Somoe Hamisi wa Mnyambe,
vipande viwili vya nyama, kila kimoja mfano wa punje ya choroko,
na mwandika lebo alikuwa na homa, au njaa,
au alikuwa akiwaza malipo ya pili ya chama cha msingi.
Mwandika lebo ni mimi.

Dawa hazikubadilika; wote wawili walikuwa nao.
Ila wagonjwa wa makala ile walikuwa kumi na tisa tu,
ukihamisha mmoja, dari inashuka.
Na ilikuwa imekwisha kutoka, imekwisha kusifiwa,
mtu wa Bergen tayari anaomba fedha za nyingine,
ndipo daktari akarudi usiku kwenye vile vipande ndani ya nta,
peke yake, akaona.

Wenzake wakamwandikia: tanbihi itatosha.
Akakataa. Akaandika barua kwa mhariri, akanipa niichape.
Nikachapa polepole, nikingoja kufika penye jina langu.
Sikufika.
"Tulibadilisha lebo," ilisema. "Kosa ni letu."
Tu. Herufi mbili tu,
nami nikajibanza humo
kama mtu chini ya kanga moja na mwenziwe, mvua inanyesha.

Leo nimemuuliza: hii tuiruke? Watakupunguzia alama.
Hakuinua jicho kwenye hadubini.
"Iandike. Na namba zisiruke."

Nimeiandika.
Nje Nang'itu anapiga honi, sanduku la barafu liko wazi,
na kwenye benchi kuna mama, karatasi yake mkononi.
Somoe, anasema.
Somoe nani? Wa wapi? Mama wa nani?
Babu yako mzaa baba aliitwaje?
Ananicheka. Mwanangu, unataka kuposa?
Nacheka nami. Kalamu naishika kwa nguvu.
Rudia, mama. Herufi kwa herufi.